Zamu ya Pili ya Mlima Kuusi

Ulisikia. Usinitazame hivyo. Ulipita kwenye masafa yale, ukasikia mngurumo kama msumeno unaokata mbao, ukajua kuna watu wanazungumza mle ndani, ukahama. Ukajiambia si kazi yangu. Ukajiambia palipo tupu si pa mtu. Shaba ya rasi hii iliondoka hivi hivi chini ya miguu ya babu zetu. Waliogoma machimboni walipigwa, waliobaki wakatazama pembeni, na walipogeuka palibaki mashimo na majengo ya matofali yasiyo na paa.

Sasa kaa usikie kilichokuwa kinapita hewani wakati shingo yako imegeukia kwingine.

Ijumaa ya Oktoba. Saa sita na dakika arobaini mchana.

Ford Bronco ya kijivu ilikuwa inararua barabara ya changarawe kuelekea Ziwa Superior, na dereva alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa nje ya dirisha, umeshika antena yenye vijiti vitatu kama mifupa ya samaki. Kila baada ya sekunde chache aliizungusha kidogo, akasikiliza, akairudisha.

Kushoto, mawimbi hafifu.

Kulia, mawimbi makali.

Alikwenda kulia.

Jina lake Marlys Tervo. Mitaani Hancock wanamjua kama mkaguzi wa minara wa ofisi ya misitu. Hakuna ofisi ya misitu inayowapa wakaguzi wake bastola ya Glock 19 na simu ya setilaiti.

Simu ikaita.

"Tervo."

"Nakusikia, bosi."

"Bado wanaongea?"

"Bado. Zamu ya pili."

Bosi wake, Okerlund, alikuwa Detroit, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajala. "Boti inavuka leo. Mashine kumi na mbili za kuziba redio, kutoka ng'ambo. Zikishatua tu zinaenda Soo, kwenye milango ya maji ya kupitishia meli. Hatuna njia ya kuiona boti ndani ya ukungu huu, na mtambo wa mlima wako ndio unaoiongoza. Kwa hiyo saa nane kamili naukata mlima. Vijana wameshapanda na koleo la kukatia nyaya."

"Ukiukata watatokomea."

"Na yule mzee wako atashuka na pingu. Leseni ya mtambo ina jina lake."

"Mzee Eino hajafanya kitu."

"Basi nani kafanya? Niletee jina na boti, mlima utabaki na mzee atabaki. Usiponiletea, vyote viwili vimekwenda."

"Nipe mpaka saa nane."

"Ndiyo nimekwambia saa nane. Sikuongezei hata ya kumeza mate."

Simu ikakatika.

Marlys akakanyaga mafuta.

Juu ya Mlima Kuusi kuna kibanda cha mabati na mnara. Ndani ya kibanda umo mtambo wa klabu ya redio ya ridhaa: unaidaka sauti ya redio ndogo ya mkononi na kuirusha tena kwa nguvu, maili hamsini kila upande. Ufukwe ule simu hazishiki. Mtu akivunjika mguu msituni, anaita mlima. Injini ikizima majini, anaita mlima. Hawana kinywa kingine.

Miaka mitatu iliyopita klabu iliweka mtambo wa dijitali. Zamani chaneli moja ilimbeba mtu mmoja, tena kwa kujitanua kama mlevi kitandani. Mtambo mpya unaikata sekunde vipande vyembamba kama vya kitunguu: kipande hiki cha huyu, kinachofuata cha yule, na mabadilishano ni ya haraka kiasi kwamba hakuna anayesikia pengo. Wawili wanazungumza mara moja kwenye chaneli iliyo nusu ya ile ya zamani, na hawasikiani. Zamu ya kwanza. Zamu ya pili. Mali ya umma imezaa mara mbili bila mtu kuongezewa hata uzi.

Wazee wa klabu wakachukua ya kwanza. Ya pili wakaicheka. "Sauti za maroboti," walisema, wakarudi kwenye kahawa yao.

Zamu ya pili ikakaa tupu karibu miaka mitatu.

Kitu kitupu hakikai kitupu. Aliyekwambia kinakaa alikuwa anakitaka.

Redio ya Anytone juu ya dashibodi ikaguna. Kwenye kioo chake kidogo likatokea jina la mwenye redio iliyobonyezwa: WAINO PELTO.

Waino Pelto alikuwa amezikwa miezi kumi na tisa iliyopita. Marlys mwenyewe alitupa udongo.

"Mkate umefikia wapi?" ilisema sauti yenye jina la maiti.

"Nisu kumi na mbili," ikajibu nyingine, kwa lafudhi isiyo ya rasi ile. "Zimefungwa vizuri. Saa saba na nusu mezani."

Nisu ni mikate ya iliki. Huku kila nyumba inaioka. Mtu wa kawaida angesikia na kutabasamu.

Marlys hakutabasamu. Alikuwa anajaribu kuitambua sauti ya Waino wa uongo, na haikutambulika. Ndivyo dijitali ilivyo. Inachukua koo la mtu, inalichemsha, inatupa mafuta yote na kubakiza mifupa. Upepo unaondoka. Mkwaruzo wa sigara unaondoka. Kila mtu anatoka kwenye sufuria moja.

Wakaendelea kuzungumza. Akawasikiliza kwa makini, macho barabarani.

Mtu wa boti alikuwa akibonyeza mara tu mwenzake alipoachia. Pap, pap.

Yule wa nchi kavu hakufanya hivyo.

Mtu wa boti aliachia. Kimya. Moja. Mbili. Ndipo wa nchi kavu akasema.

Tena. Boti ikaachia. Moja. Mbili.

Marlys akaongeza sauti ya redio.

Akiwa na miaka kumi na mitatu aliketi jikoni kwa Eino Kangas, mbele ya redio kubwa kuliko yeye, na mzee alimpiga kidole cha mkono kila alipobonyeza kwa pupa. "Mwenzako akiachia, hesabu moja, mbili, ndipo ubonyeze, binti. Kwenye hizo mbili kuna mtu anazama, anatafuta nafasi ya kuita." Wengine huifuata sheria hiyo wanapokumbuka. Waliofundishwa na Eino hawawezi kuiacha hata wakitaka.

Mlanguzi yule alikuwa anawaachia nafasi watu wanaozama.

Wanafunzi wa Eino wenye redio za dijitali walikuwa watatu. Yeye. Waino, aliye kaburini. Na Roy Sarvela, aliyeupandisha mtambo mlimani kwa mgongo wake.

Au Eino mwenyewe.

Akachukua simu ya setilaiti, akapiga nyumbani kwa mzee. Moyo wake haukumpa ruhusa, lakini vidole vilipiga.

"Kangas hapa."

Wakati huohuo redio ikasema, kwa jina la Waino: "Upepo unageuka, ongeza mwendo."

Si Eino.

"Mzee, ni Marlys. Nani ana redio ya Waino?"

Kimya kirefu. Kirefu kuliko mbili.

"Mjane wake aliuza vitu vingi, binti."

"Kwa nani?"

"Kuna upepo leo. Endesha polepole."

Akakata. Marlys aliitazama simu kwa nukta moja, akaitupa kitini.

Saa saba na dakika tano alizima injini nyuma ya misonobari ya Sandstone.

Hapo palikuwa na kinu cha kusagia mawe ya shaba, enzi za kampuni. Sasa ni kuta, na gati la zege lililong'atwa na barafu. Kati ya miti na gati kulikuwa na mita mia tatu za matofali na mchanga mweusi, peupe kama meza.

Akainua darubini ya Steiner.

Juu ya gati alisimama mwanamume mwenye koti la miraba myekundu na bunduki ya Remington begani. Redio mkononi.

Roy Sarvela.

Mkononi mwa Marlys redio ya majini ikakoroma kwa sauti ya chini. Walinzi wa Pwani.

"Hallberg hapa. Tuko mlango wa mfereji, maili nne kusini kwako. Ukungu hauonyeshi hata pua yangu. Ova."

"Kaeni nyuma ya ukuta wa mawe, mzime taa. Nitawaletea boti. Ova."

"Utailetaje?"

"Kwa adabu. Ova na kikomo."

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Akitoka kwenye miti, Roy angemwona, angebonyeza, na boti ingerudi ng'ambo na shehena yake. Saa nane mlima ungekatwa. Eino angefungwa pingu mbele ya majirani aliowafundisha kuzungumza. Boti ile ilimsikiliza mtu mmoja tu, naye alikuwa na jina la maiti.

Basi maiti wangekuwa wawili.

Marlys akaingiza namba ya utambulisho ya Waino kwenye Anytone yake, tarakimu saba. Akajaribu sauti yake chini, chini zaidi, mpaka ikagonga kifuani.

Akasubiri.

"Naona ukungu tu," ilisema boti. "Nipe mwelekeo."

Ikaachia.

Moja.

Akabonyeza.

"Badili," alisema kwa sauti nzito. "Sandstone kuna watu. Kusini maili nne, mlango wa mfereji. Ingia taratibu, zima taa, usinijibu. Nakaa hewani kuziba wengine."

Kwenye darubini, Roy aliganda. Aliitazama redio yake kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa makaburini.

Kisha akabonyeza.

Redio ikalia *tuut*. Imekataa.

Akabonyeza tena. *Tuut*.

Redio ya Waino, sasa mkononi mwa Roy, ilikuwa imepangwa na Eino mwenyewe, kama zote alizozigusa: zamu ikiwa na mtu, kitufe hakifungui. Hakuna kumkata mwenzio.

Lakini mtambo nao una sheria yake. Mtu akishikilia dakika tatu mfululizo, unamnyamazisha.

Marlys, kidole bado kimebonyeza, akauzungusha mkanda mweusi wa umeme kwenye kitufe, mara nne, akaiacha redio juu ya boneti ikirusha ukimya. Akachomoa Glock.

Dakika tatu. Mita mia tatu. Matofali.

Akakimbia.

Risasi ya kwanza ilipita juu. Ikavunja kioo cha Bronco nyuma yake. Akaruka ukuta mfupi, akaanguka kwa goti, akainuka. Ya pili ikachimba tofali karibu na sikio lake na kumjaza vumbi jekundu. Roy alikuwa anapiga kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa bado unabonyeza, *tuut*, *tuut*, hataki kuacha hata kimoja.

Dakika mbili.

Akapita nyuma ya tanuri la zamani, akatokea upande wa maji.

Mita kumi.

"Iweke chini, Roy."

Roy aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, kwa ukungu au kwa kingine.

"Nilijua ni wewe, dada. Hakuna mwingine anayejua kuingia kwenye mbili zangu."

"Redio kwanza. Kisha bunduki."

"Unajua nilisimama mara ngapi mbele ya wale wazee? Miaka mitatu. Niliwachorea ubaoni kama watoto. Niliwaambia hii zamu ya pili wapeni zimamoto, wapeni wavuvi, wapeni shule ya Calumet. Ni bure, haimpunguzii mtu. Unajua walipiga kura wafanye nini?"

"Roy."

"Wanunue mashine ya kahawa. Yenye kipima joto."

"Kwa hiyo ukawapa hawa."

"Waliomba." Akacheka bila kuonyesha meno. "Wewe uliomba?"

Alikuwa mwanachama miaka kumi na saba. Hakuwahi kuomba.

"Kwenye masanduku kuna nini, Roy?"

"Redio za uvuvi. Hazina kibali, basi. Nani anaumia?"

"Ni mashine za kuziba redio. Waliozilipia wanataka kuziweka Soo, pande zote mbili za milango ya maji. Meli mbili za madini zikutane kwenye mfereji mwembamba, na manahodha hawasikiani. Shemeji yako Carl yuko meli gani msimu huu?"

Roy alitikisa kichwa.

"Unanidanganya."

"Nimewahi?"

Nyuma yao, kule kwenye boneti, dakika tatu ziliisha. Mlima ukamnyamazisha Marlys. Zamu ya pili ikawa wazi, na redio ya mkononi mwa Roy ikawasha taa ya kijani.

Wote wawili waliiona.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Glock ilikuwa inamtazama kifuani. Upepo ulileta mlio wa injini, mbali, ukienda kusini.

Moja.

Mbili.

Roy aliiinamisha redio polepole, akaiweka juu ya zege. Bunduki ikafuata.

"Carl ana watoto wanne," alisema.

"Najua. Geuka."

Saa saba na dakika hamsini na moja redio ya majini ilizungumza.

"Hallberg hapa. Wameingia wenyewe kama ng'ombe wa maziwa. Watu watatu, masanduku kumi na mawili. Ova."

Saa saba na dakika hamsini na nne, simu ya setilaiti.

"Waambie vijana washuke na koleo lao, bosi."

"Jina?"

"Sarvela. Ninaye."

"Na mzee? Safi?"

Marlys alimtazama Roy, aliyeketi kiti cha nyuma amefungwa pingu, kipaji cha uso kwenye fremu ya kioo kilichovunjika.

"Ripoti yangu itasema," alijibu.

Alimkabidhi Roy kwa gari la idara yake pale njia panda, kisha akaendesha peke yake mpaka Hancock, upepo ukimpiga kupitia dirisha lililovunjika.

Eino Kangas alikuwa jikoni. Miaka sabini na moja, mgongo umenyooka, mikono juu ya meza. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa vikombe viwili. Redio ya zamu ya kwanza ilikuwa inapiga gumzo pembeni: mtu anauliza kama kanisani leo watakaanga samaki au la.

"Yu hai?" aliuliza mzee.

"Nani?"

Mzee alikisogeza kikombe kimoja upande wake.

"Sijakutajia jina, Mzee."

"Roy," alisema Eino. "Roy yu hai?"

Marlys alivuta kiti, lakini hakuketi.

"Ulijua lini?"

"Agosti. Nilikuwa nachezea kitufe tu, nikaangukia zamu ya pili. Nikaona jina la Waino. Nikasikia ile mbili." Akakigeuza kikombe. "Nilimpata ana miaka kumi na minne, baba yake amemfukuza. Nilimfundisha kushika chuma cha moto cha kulehemu kwa upande sahihi. Nikajiambia anafanya majaribio. Ni fundi, mafundi hujaribu."

"Ulibeba jeneza la Waino."

"Nilibeba."

"Na miezi miwili ukamsikia akiongea."

"Ningekwenda jela badala yake, binti. Nilikuwa tayari. Nimeweka hata begi pale mlangoni."

Begi lilikuwepo kweli. Dogo, la kahawia, lenye zipu.

"Hakuna aliyekuomba uende jela," Marlys alisema. "Uliombwa useme. Ulitufundisha sisi sote kumwachia nafasi anayezama. Kisha ukamsikia mtu anazama, mwanao kabisa, kila siku, na wewe ukakaa kwenye hiyo nafasi umekunja mikono."

Kule pembeni mtu alisema samaki watakuwepo, na viazi.

"Kwenye ripoti utaandika nini?"

Marlys aliitazama saa yake ya Timex. Saa nane na dakika arobaini.

"Naituma saa kumi. Kabla ya hapo utakuwa umebonyeza, umesema mwenyewe ulichosikia na tangu lini. Zamu zote mbili. Klabu nzima isikie, na wale wa mashine ya kahawa wasikie vizuri."

"Na nikishindwa?"

"Nitaandika mimi. Mimi huwa sipambi."

Akavaa kofia yake ya sufu, akaishusha mpaka masikioni. Kahawa hakuigusa. Alitoka, akafuta vipande vya kioo kitini kwa kiganja cha glavu, akawasha gari na kushuka kilima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua maziwa.

Haya. Umeshajua.

Usiniulize mzee alibonyeza au hakubonyeza. Hilo ni lake. Lako ni hili: leo hii, unaposoma, kuna zamu ya pili kwenye mlima ulio karibu nawe, na haina mtu. Imelipiwa. Inafanya kazi. Ni yako kwa sheria. Na kuna mtu mahali fulani, mwenye tabasamu na karatasi, anaandika kwamba haitumiki, kwamba wenye nayo wamelala, kwamba apewe yeye.

Na karatasi yake haina uongo.

Klabu inakutana Jumanne saa moja jioni, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Viti arobaini. Huja watu tisa, na wanane kati yao wana zaidi ya miaka sitini. Nenda. Peleka jirani. Wakikucheka, rudi Jumanne inayofuata. Omba zamu ya pili kwa ajili ya zimamoto, kwa ajili ya wavuvi, kwa ajili ya bibi anayeishi peke yake mwisho wa barabara. Iombe mpaka wachoke na uso wako.

Lakini kabla ya Jumanne kuna leo. Inuka hapo ulipo. Redio iko kabatini, chaji yake ipo. Iwashe. Hamia zamu ya pili. Kama kuna mtu humo, muulize yeye ni nani, na usiondoke mpaka ajibu. Kama hakuna mtu, bonyeza, sema jina lako lote, useme na ulipo.

Sasa. Si baada ya kahawa.